Dawa ileile, chombo kingine: kulinganisha dawa za chembe nano na za kawaida katika saratani ya titi iliyosambaa

Familia zinapofika dirishani kwetu na karatasi ya daktari yenye majina mawili ya dawa, swali la kwanza huwa ni lilelile: ipi kati ya hizi ni mpya? Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchanganya dawa za saratani kabla hazijapelekwa kwa wauguzi kutundikwa dripu, kwa hiyo naelewa kwa nini watu huuliza hivyo, na naelewa pia kwamba jibu lake haliwasaidii kuchagua. Maswali yanayosaidia ni matatu: dawa hii itamuumiza mgonjwa wetu sehemu gani ya mwili, itamleta mjini mara ngapi, na itabakiza nini cha kununulia chakula nyumbani. Kwa vipimo hivyo vitatu nataka kulinganisha dawa mbili za zamani, paklitakseli na doksorubisini, na kila moja kuiweka karibu na ndugu yake aliyetengenezwa kwa chembe nano.

Ulinganisho huu haumhusu kila mwanamke ambaye saratani ya titi imeshafika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Kama majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa na kupimwa, yameonyesha kuwa uvimbe una vipokezi vya homoni, mara nyingi matibabu huanza na dawa za kuzuia homoni kama tamoksifeni au letrozoli, na kama uvimbe una protini ya HER2 kwa wingi, dawa zinazoilenga protini hiyo, kama trastuzumabu, ndizo zinazotangulia kufikiriwa. Chaguo ninalolizungumzia hapa huja pale daktari anapoamua kwamba sasa ni zamu ya dripu za kemikali, ama kwa sababu uvimbe hauna vipokezi hivyo, ama kwa sababu vidonge vimeshindwa, ama kwa sababu ini au mapafu yamebanwa na hakuna muda wa kungoja. Jambo jingine ambalo ni afadhali lisemwe mapema kuliko kufichwa ni kwamba katika hatua hii hakuna hata moja kati ya dawa hizi nne inayotolewa kwa matumaini ya kuufuta ugonjwa. Hutolewa ili kuurudisha nyuma, kupunguza maumivu, na kumwongezea mgonjwa miezi au miaka ya kuishi vizuri.

Chembe nano hufanya nini hasa

Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hivi, ilhali chembe za dawa tunazozizungumzia hapa zina upana wa nanometa 80 hadi 130, kwa hiyo hupita ndani ya damu bila kuziba mshipa wowote. Wazo la kuzitumia lilipata nguvu mwaka 1986, watafiti wa Kijapani Matsumura na Maeda walipoeleza kwamba mishipa ya damu inayoota ndani ya uvimbe huota kwa haraka na kwa fujo, hata kuta zake zikawa na matundu makubwa kuliko ya mishipa ya kawaida. Mtu wa ziwani ataelewa upesi kwa kufikiria nyavu: mshipa wenye afya ni wavu wa dagaa, mshipa wa uvimbe ni wavu wa sangara, na chembe ikiwa na ukubwa wa katikati itabaki ndani ya ule wa kwanza na kupenya kwenye ule wa pili.

Picha hiyo inavutia, na ndiyo inayouza dawa, lakini inaahidi zaidi ya inachotoa. Mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanyama na kupima ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa kilifika kwenye uvimbe, na kipimo cha kati kikawa asilimia 0.7 tu. Zilizobaki huishia kwa kiasi kikubwa kwenye ini na wengu, ambazo kazi yake ni kuchuja vitu vya namna hiyo. Uvimbe mmoja una matundu mengi na mwingine hauna, na kwa mtu ambaye ugonjwa umetapakaa, uvimbe wa ini unaweza kutofautiana na ule wa mfupa ndani ya mwili uleule. Kwa maoni yangu, faida iliyothibitika zaidi ya dawa hizi kwa saratani ya titi haiko katika kuupiga uvimbe kwa nguvu zaidi. Iko katika kuhamisha madhara kutoka kiungo kimoja kwenda kingine, na hapo ndipo familia inapokuwa na neno la kusema, kwa sababu ndiyo inayojua mgonjwa wake anakihitaji zaidi kiungo kipi.

Paklitakseli: tatizo lilikuwa mafuta

Paklitakseli ilitolewa kwenye ganda la mti wa Marekani uitwao Taxus brevifolia, na Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha muundo wake mwaka 1971. Ni dawa nzuri yenye kasoro moja ya kuudhi: haiyeyuki kwenye maji. Ili iweze kupita kwenye mshipa, watengenezaji waliiyeyusha katika mchanganyiko wa kileo na kimiminika kizito kiitwacho Cremophor EL, ambacho msingi wake ni mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo bibi zetu waliyapaka kichwani, isipokuwa haya yamebadilishwa kiwandani ili yaweze kuchanganyika na maji.

Nitafanya hesabu moja hapa, kwa sababu inaeleza mambo mengi kuliko maneno. Mwanamke mwenye kilo 60 na urefu wa sentimita 155 ana eneo la mwili la mita za mraba 1.6. Dozi ya kawaida ya paklitakseli inayotolewa kila baada ya wiki tatu ni miligramu 175 kwa kila mita ya mraba, yaani miligramu 280 kwake. Kila mililita ya dawa kichupani ina miligramu 6 za paklitakseli na miligramu 527 za Cremophor, kwa hiyo ili apate robo gramu na ushei ya dawa, tunamwingizia pia karibu gramu 25 za kiyeyushi hicho, pamoja na kileo kinachokaribia kile kilicho katika chupa moja ya bia ya nusu lita. Mgonjwa Msabato au Mwislamu ambaye hajawahi kuonja pombe ana haki ya kuambiwa jambo hilo kabla ya kujiuliza kwa nini kichwa kinamzunguka, na asiruhusiwe kuendesha pikipiki kurudi nyumbani.

Kiyeyushi hicho ndicho chanzo kikubwa cha mzio. Ndiyo maana kabla ya paklitakseli ya kawaida mgonjwa hupewa deksamethasoni na dawa mbili nyingine za kutuliza mzio, kisha dripu hutiririka kwa saa tatu kupitia kichujio na mirija maalumu, kwa kuwa mafuta hayo huweza kung'oa kemikali kwenye plastiki ya kawaida. Kwa mwenye kisukari, deksamethasoni peke yake ni mashaka ya siku mbili tatu za sukari kupanda.

Ndugu yake wa chembe nano huandikwa nab-paklitakseli na huuzwa kwa jina la Abraxane, na Marekani iliidhinisha kutumika kwake kwa saratani ya titi iliyosambaa mwezi Januari 2005. Badala ya mafuta, paklitakseli imefungwa na albumini, protini ambayo tayari imo ndani ya damu yetu, katika chembe za nanometa 130 hivi. Huja ikiwa unga mkavu. Ninapoichanganya, hudondosha maji ya chumvi mililita 20 taratibu kwenye ukuta wa ndani wa kichupa kwa muda usiopungua dakika moja, nikakiacha kitulie dakika tano, kisha nikakizungusha polepole bila kukitikisa, kwa sababu povu likitokea inabidi nisubiri robo saa nyingine. Kinachopatikana hufanana na maziwa yaliyozimuliwa. Hakihitaji dawa za kutanguliza dhidi ya mzio, na huisha mshipani kwa nusu saa. Albumini hiyo hutolewa kwenye damu ya binadamu, na Mashahidi wa Yehova hupenda kuambiwa mapema ili waamue wenyewe.

Sasa matokeo. Utafiti ulioipa dawa hii kibali ulihusisha wanawake 454, na ulilinganisha miligramu 260 za nab-paklitakseli kwa mita ya mraba na miligramu 175 za paklitakseli ya kawaida, zote kila baada ya wiki tatu. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 33 ya waliopata chembe nano na asilimia 19 ya waliopata dawa ya kawaida, na muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa wiki 23.0 dhidi ya 16.9. Kushuka vibaya kabisa kwa chembe nyeupe za damu, hali inayofungua mlango wa maambukizi, kuliwapata asilimia 9 dhidi ya 22. Lakini ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata asilimia 10 ya wale wa chembe nano na asilimia 2 tu ya wale wengine. Katika urefu wa maisha kwa jumla, tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kwamba dawa moja ilishinda.

Msomaji makini atakuwa ameona hila iliyojificha hapo: dozi hazikuwa sawa. Kuondolewa kwa mafuta ndiko kulikoruhusu dozi kupandishwa kwa karibu nusu, na sehemu ya ushindi huo pamoja na sehemu ya ganzi hiyo hutoka kwenye dozi hiyo kubwa. Isitoshe, albumini haimbebi abiria wake mbali, kwani muda mfupi baada ya kuingia mwilini chembe hizo huvunjika na dawa ikaungana na albumini ya mgonjwa mwenyewe. Hiki ni chombo cha kuvukia, hakisafiri na abiria hadi nyumbani kwake.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa kuhusu jozi hii ni nyingine, na nasikitika kwamba husahaulika mara nyingi watu wanapopewa machaguo mawili. Kuna chaguo la tatu. Paklitakseli ya zamani inaweza kutolewa kila wiki kwa dozi ndogo ya miligramu 80 kwa mita ya mraba, dripu ya saa moja, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulipolinganisha utaratibu huo na ule wa kila wiki tatu, ule wa kila wiki ulishinda waziwazi: uvimbe ulipungua kwa asilimia 42 dhidi ya 29, na muda wa kati wa maisha ulikuwa miezi 24 dhidi ya 12, ingawa ganzi kali nayo iliongezeka. Maana yake ni kwamba nab-paklitakseli ilipata kibali kwa kumshinda mpinzani aliyekuwa amefungwa mkono mmoja. Baadaye utafiti mwingine, wenye wagonjwa 799, ulizikutanisha zote kwa utaratibu wa kila wiki, zikiambatana na dawa nyingine iitwayo bevasizumabu, na nab-paklitakseli haikuonekana kuwa bora; ilileta madhara zaidi, ganzi ikiwemo.

Kwa hiyo, kwa familia inayoishi Igoma, Buhongwa au popote ambapo daladala moja inakufikisha hospitali, ushauri wangu hauna kigugumizi: paklitakseli ya kawaida kila wiki, mzio ukidhibitiwa, ni chaguo la heshima na wala si chaguo la maskini. Kwa familia ya Ukerewe hesabu hubadilika. Wiki kumi na mbili za matibabu ni safari kumi na mbili za meli kutoka Nansio, takriban saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na siku ziwa linapochafuka hakuna safari. Utaratibu wa kila wiki tatu ni safari nne. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa sababu sasa hawamalizi nusu siku wakingoja kivuko, lakini mtu wa kisiwani bado anahesabu safari moja moja, na kwake dripu ya nusu saa inayorudiwa baada ya wiki tatu, bila vidonge vya kutanguliza vya kumeza usiku wa jana yake, ni kitu chenye thamani halisi kama fedha zipo. Wapo pia ambao hawana budi kuichagua nab-paklitakseli: aliyewahi kubanwa pumzi kwa mzio wa Cremophor, na mwenye kisukari kisichokubali deksamethasoni.

Doksorubisini: moyo au ngozi

Doksorubisini haihitaji utangulizi kwa aliyewahi kuuguza. Ni ile dawa nyekundu kama juisi ya rozela, ambayo hugeuza hata rangi ya mkojo siku ya kwanza na kuondoa nywele zote baada ya wiki chache. Hatari yake kubwa ni moyo. Kila dozi huacha jeraha dogo kwenye misuli ya moyo, majeraha hujumlika, na ndiyo maana madaktari huwa na ukomo wa jumla wa miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba kwa maisha yote ya mtu. Kwa dozi ya kawaida ya miligramu 60, ukomo huo hufikiwa kwenye dripu ya nane au ya tisa.

Hapa niingize ombi linalotoka dirishani kwangu. Wanawake wengi ambao ugonjwa umerudi walishapata dripu nne za dawa hiyo nyekundu mara ya kwanza, yaani miligramu 240 kwa mita ya mraba, na bado wana nafasi ya dripu tatu tu kabla ya kugusa mpaka wa chini. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha idadi hiyo. Imo kwenye faili la zamani pekee, na faili la zamani mara nyingi limebaki kwenye sanduku kijijini au limeliwa na mchwa. Tafadhali lileteni. Nimewahi kuona familia ikirudi Bunda siku hiyo hiyo kutafuta kadi, na wakati huo dawa ilikuwa tayari mezani.

Doksorubisini ya liposomu ndiyo dawa ya kwanza ya chembe nano kuidhinishwa Marekani, mwaka 1995, kwa jina la Doxil, wakati huo kwa saratani ya Kaposi. Ulaya huitwa Caelyx na imekubaliwa kwa saratani ya titi iliyosambaa, hasa kwa wenye hatari ya moyo. Liposomu ni kifuko cha mafuta chenye upana usiofika nanometa 100, dawa ikiwa imefungiwa ndani, na nje yake kuna nywele nyembamba za polietilini glikoli zinazozuia walinzi wa mwili wasikitambue mapema. Hiki sasa ndicho chombo cha kweli, kwani huelea kwenye damu kwa siku kadhaa. Mishipa ya moyo ina kuta zilizoshonana vizuri, kifuko hakipenyi kwa urahisi, na moyo hunusurika zaidi.

Utafiti wa wanawake 509 uliochapishwa mwaka 2004 ulizilinganisha dawa hizi mbili ana kwa ana. Katika kuzuia ugonjwa zilikwenda sambamba: miezi 6.9 kwa liposomu na 7.8 kwa dawa ya kawaida kabla ugonjwa haujasonga, na miezi 21 dhidi ya 22 ya uhai. Aliyetarajia muujiza atakata tamaa, lakini aangalie madhara. Hatari ya kuumia moyo ilikuwa zaidi ya mara tatu kwa dawa ya kawaida. Nywele ziliwatoka asilimia 20 ya waliopata liposomu na asilimia 66 ya wengine, na kutapika pia kulipungua. Kisha ukaja upande wa pili wa shilingi: asilimia 48 ya wale wa liposomu walipata ugonjwa wa viganja na nyayo, dhidi ya asilimia 2.

Ugonjwa huo unahitaji maelezo ya mtu aliyeuona. Huanza na joto na wekundu kwenye viganja, ambao kwa ngozi yetu nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi, kisha ngozi hubana, huuma kama iliyoungua, na ikipuuzwa huchubuka na kupasuka. Hutokea kwa sababu vifuko vinavyokaa muda mrefu kwenye damu huvuja mahali ambapo ngozi husuguliwa, hukandamizwa au hupata joto. Mwalimu wa shule anaweza kuishi nao kwa kubadilisha viatu. Mwanamke anayeanika dagaa kwenye mchanga wa moto tangu saa mbili asubuhi, akiinama kuwageuza kwa mikono mitupu na kusimama pekupeku, atakuwa anauchochea kila siku ya kazi. Vivyo hivyo anayebanika sangara juu ya moshi, au anayesonga ugali wa watu ishirini. Madaktari wengi siku hizi huanza na miligramu 40 kwa mita ya mraba badala ya 50 zilizotumika katika utafiti ule, na hilo hupunguza adha, ingawa haliiondoi. Jambo la kutia moyo ni kwamba dozi ikiahirishwa na kupunguzwa, ngozi kwa kawaida hujijenga upya ndani ya wiki chache.

Kwa upande wa safari, liposomu hutolewa kila wiki nne na ya kawaida kila wiki tatu, kwa hiyo katika miezi sita hivi ni safari sita dhidi ya nane.

Vichupa, friji na mfuko

Sitataja bei, kwa kuwa hubadilika kila shehena inapoingia, lakini naweza kuwaonyesha jinsi ya kuuliza. Msiulize bei ya kichupa. Ulizeni bei ya dozi nzima ya mgonjwa wenu. Yule mwanamke wetu wa mita za mraba 1.6 anahitaji kichupa kimoja cha miligramu 300 cha paklitakseli ya kawaida. Kwa nab-paklitakseli anahitaji miligramu 416, na kwa kuwa vichupa ni vya miligramu 100, mtanunua vitano na sehemu kubwa ya cha tano itabaki. Kwa doksorubisini ya kawaida ni vichupa viwili vya miligramu 50, na kwa liposomu ya miligramu 50 kwa mita ya mraba ni vichupa vinne vya miligramu 20, au vitatu na kidogo akianza na 40. Kichupa cha chembe nano peke yake huwa ghali mara nyingi zaidi ya kile cha dawa ya kawaida, kwa hiyo idadi hii inauma mara mbili. Upande wa pili wa mizani wekeni dawa za kutanguliza, nauli, kitanda cha kulala mjini, na siku za kulazwa endapo chembe nyeupe zitashuka. Mwenye bima na aulize kwa maandishi kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya pili, maana matibabu yaliyokatika katikati kwa kukosa fedha ni mabaya kuliko dawa ya bei nafuu iliyokamilika.

Kuna suala la umeme. Paklitakseli ya aina zote mbili hukaa vizuri kwenye joto la kawaida la chumba ikiwa ndani ya boksi lake, lakini liposomu lazima iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, ambacho sitakitaja, umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta ikakosa mafuta, na Jumatatu asubuhi tulikuta kipimajoto cha friji kinasoma 24. Ndani mlikuwa na dozi ya liposomu ambayo familia ilikuwa imeichangia kwa harambee ya ukoo. Kwa macho haikuonyesha dalili yoyote ya kuharibika, ilikuwa ile ile nyekundu yenye ukungu, lakini hatukuthubutu kuitundika. Kwa hiyo anayenunua liposomu nje ya hospitali na aje nayo kwenye kiboksi chenye barafu siku ile ile, kutoka duka linaloweza kuonyesha usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na asikubali kuiweka kwenye friji ya jirani yenye soda. Tahadhari moja ya kitaalamu: liposomu huchanganywa na maji ya glukosi ya asilimia 5 pekee, kamwe si maji ya chumvi, ilhali nab-paklitakseli ni kinyume chake. Mkiona dripu imeandikwa vingine, ulizeni kwa adabu, na hakuna muuguzi mwema atakayechukia.

Zipo pia chembe nyingine, kama Genexol-PM ya Korea Kusini na Myocet ya Ulaya, lakini sitazijadili kwa kuwa sijakutana na familia iliyopewa nafasi ya kuzichagua hapa.

Wanawake wawili, machaguo mawili

Mwaka jana niliongea na mama wa makamo kutoka Nansio, mwanika dagaa, ambaye ugonjwa ulikuwa umerudi kwenye ini baada ya dripu nne nyekundu za zamani. Baada ya salamu aliniuliza, "Mwanangu, hii ya vichupa vitano inaponya?" Nikamwambia, "Hapana mama, dawa ya ndani ni ileile. Kinachobadilika ni safari, na mikono yako." Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ile ya kila wiki ingemruhusu kulala kwa mpwa wake Igoma. Daktari alikubali, na kwa miezi mitatu kazi ya kuanika ikawa ya binti yake. Kila wiki kabla ya dripu, muuguzi alimpima ganzi kwa kumpa shati lenye vifungo vidogo alifunge na kulifungua, na alipoanza kukosea vifungo wiki ya tisa, dozi ikapunguzwa siku hiyo hiyo.

Wa pili ni fundi cherehani wa Kirumba. Yeye alikuwa amebakiza nafasi ndogo kwenye ukomo wa moyo, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo, kilionyesha kwamba nguvu ya kusukuma damu imeshapungua. Ganzi ya vidole aliihofia kuliko kitu kingine, kwa sababu fundi asiyeuhisi uzi hawezi kupitisha sindano, na ganzi ya paklitakseli, tofauti na ngozi iliyochubuka, wakati mwingine hukaa miezi mingi na kwa wengine haiondoki kabisa. Akachagua pamoja na daktari liposomu ya miligramu 40, kwa fedha za watoto wake watatu. Nilipomkumbusha kwamba cherehani ya kukanyaga itazisugua nyayo, na kwamba hapo ndipo ngozi itakapoanza kuchubuka, alicheka, akasema hilo limeshafikiriwa: mwanawe alikuwa amekwisha kununua mota ndogo pale Makoroboi na kuifunga Jumapili.